Mwizi wa Mizigo na Mnunuzi Wake



Barabara itokayo Kericho hushuka mpaka Ahero na Kisumu, kisha hupanda kwenda Maseno, Luanda na Yala hadi mpakani Busia. Malori hupita humo mchana na usiku, yakichukua saruji, sukari, unga, samaki na mafuta. Lori liendalo mbio ni vigumu kuliibia. Lori lililosimama ndilo litafutwalo na mwizi. Dereva aingiapo hotelini kula, au alalapo fofofo kitini pake, dakika chache zatosha. Turubai hupasuliwa kwa wembe, kamba hukatwa, na magunia hushushwa upande wa giza. Mwingine hutia mpira katika tangi na kunyonya dizeli. Mwingine huondoka na betri au gurudumu la akiba.

Hasara hiyo si ya tajiri peke yake. Dereva aweza kukatwa mshahara au kupoteza kazi. Mwenye duka naye hupandisha bei ili kufidia kilichopotea, na mama anunuaye kilo moja ya sukari sokoni Kibuye hulipa sehemu ya wizi uliofanyika usiku bila yeye kujua.

Yako mambo manne ambayo dereva na utingo wake wapaswa kuyashika.

Kwanza, wachague mahali pa kulala kabla jua halijatua: penye taa, penye mlinzi, na penye malori mengine. Kando ya barabara tupu si mahali pa kulala.

Pili, lori liegeshwe mlango wa nyuma ukikaribia ukuta, ili usiweze kufunguliwa. Kifuniko cha tangi kiwe na kufuli.

Tatu, walale kwa zamu, wala wasipokee chakula au kinywaji kwa mtu wasiyemjua. Habari za mzigo wasizitangaze hotelini.

Nne, kabla ya kuondoka alfajiri walizunguke lori, wakitazama kamba, turubai na lakiri. Wakiona dalili ya wizi, wapige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, wala wasingoje mpaka mwisho wa safari.

Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimetumia lakiri za elektroniki kufuatilia mizigo ivukayo mipaka. Chombo hicho ni msaada mkubwa, lakini hakilindi dizeli iliyo katika tangi, wala gurudumu la akiba. Jicho la mtu lingali lahitajiwa.

Hata hivyo, dereva peke yake hawezi kuumaliza wizi huu. Mwizi hana haja ya magunia ishirini ya saruji nyumbani kwake. Anataka fedha, na fedha hiyo hutoka kwa mnunuzi. Kwa sababu hiyo sheria haikumsahau mnunuzi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 279, yasema kwamba aibaye mali iliyo safarini ndani ya gari aweza kufungwa miaka 14. Kifungu cha 322 chamwekea adhabu ya miaka hiyo hiyo 14 yule apokeaye mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa. Mbele ya sheria, mkono uibao na mkono upokeao wahesabiwa sawa.

Tena iko adhabu nyingine isiyongoja hakimu. Usiku wa tarehe 17 Julai 2021 lori la mafuta lilipinduka Malanga, katika Gem, kwenye barabara hii hii ya Busia. Watu walikimbilia kuchota petroli kwa madumu. Mafuta yakashika moto, na watu wasiopungua 13 wakafa. Lori lililoanguka si mali iliyookotwa. Lina mwenyewe, na likiwa na petroli ni kifo.

Basi mwenye duka aletewaye sukari usiku kwa bei ya chini mno na aulize risiti. Isipokuwapo, aikatae mali hiyo na kuwaarifu polisi. Wanunuzi wakikosekana Ahero, Luanda na Busia, mwizi atabaki na magunia asiyoweza kuyala wala kuyauza.