Jinsi Kifaa cha Kupimia Shamba Kinavyosikia Setilaiti

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Visiga)



Nimetakiwa nieleze kwa nini shamba moja la mikorosho, likipimwa kwa simu mara mbili, hutoa ekari mbili tofauti. Swali hili si la mchezo. Ekari zilizoandikwa katika daftari la chama ndizo zinazotumika kukadiria pembejeo za mwanachama. Tena hapa Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, ambako mashamba yanageuzwa viwanja, hatua tano za mpaka zinatosha kuwafikisha majirani barazani.

Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Mawimbi ambayo simu huyasikiliza hurushwa kwa nguvu ya makumi ya wati tu, kama balbu moja ya zamani. Yakifika kwetu yamekwisha kutawanyika mno, hata ni dhaifu mara 50 hadi 100 kuliko kelele iliyomo ndani ya kipokezi chenyewe. Kelele hiyo haisikiki kwa sikio. Ni msukosuko wa umeme unaoletwa na joto.

Basi kipokezi hupata nini? Hupata kile ambacho tayari kinakijua. Kila setilaiti imepewa mfuatano wake wa alama 1,023, unaorudiwa mara 1,000 kila sekunde, na mifuatano yote imo ndani ya kipokezi tangu kiwandani. Kipokezi hutengeneza nakala, huitelezesha juu ya mawimbi yanayoingia mpaka vilingane, kisha hujumlisha. Kelele hupanda na kushuka bila utaratibu, hivyo sehemu kubwa hujifuta yenyewe. Mfuatano uliolingana hujilimbikiza, haba na haba. Mtu aijuaye ngoma ya kwao huitambua katikati ya zogo la mnada, ambapo mgeni hasikii kitu. Kiasi cha kutelezesha nakala ndicho kinachoonyesha muda ambao mawimbi yametumia njiani, na muda huo hutoa umbali. Zikisikika setilaiti nne au zaidi, mahali hujulikana.

Kujumlisha kunataka muda, na ndiyo sababu haraka ni adui wa kipimo. Aidha, kila setilaiti hutangaza mahali ilipo kwa mwendo wa polepole sana, na tangazo hilo hurudiwa kila baada ya sekunde 30. Simu yenye intaneti hulipata kwa njia ya mtandao. Isiyo na intaneti hulazimika kulisikiliza lote. Likikatika, husubiri lirudiwe. Kwa hiyo washeni simu mahali peupe, mngoje, ndipo muingie shambani.

Mkorosho ni mti mgumu kwa kazi hii. Matawi yake huinama karibu na ardhi, na majani yaliyolowa mvua hunyonya mawimbi zaidi. Bati la ghala nalo huyarudisha mawimbi, yakafika kwa njia ndefu, na simu ikadhani setilaiti iko mbali zaidi. Jua likishatua, katika nchi za karibu na ikweta, tabaka la anga la juu lenye chembe za umeme huchafuka, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na mawimbi hupepesa kama koroboi penye upepo. Pimeni asubuhi.

Mahali peupe simu nzuri hukosea kwa mita 5 hivi. Ekari ya mraba, ile tuliyoizoea ya hatua 70 kwa 70, ina ubavu wa mita 64. Ongezeni mita 5 upande mmoja tu, ekari imezidi kwa asilimia 8. Katika shamba la ekari 20 kosa hilo ni dogo kwa kulinganisha. Mwenye ekari moja ndiye anayeumia. (Makatibu wenye majalada ya kale wakumbuke kwamba hadi tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani waliyaharibu mawimbi ya raia kwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100.)

Mpaka wenye ugomvi usipimwe kwa simu. Mwiteni mpima ardhi. Kipokezi chake huhesabu mawimbi yenyewe, ambayo urefu wake ni sentimita 19, kikilinganishwa na kingine kilichosimamishwa mahali panapojulikana. Hata hicho, chini ya mkorosho, hupoteza hesabu. Kwa hiyo kabla hajafika, punguzeni matawi yaliyo juu ya jiwe la mpaka, na majirani wote wawili wawepo.