Msumeno wa umeme na milango iliyopinda: maneno tuliyotoa karakanani



Mlipotupa ule msumeno wa umeme tulifurahi sana. Wiki ya kwanza tukaharibu mbao tatu. Milango miwili ya mama mmoja mjane, aliyerudi kutoka Nyarugusu, ikabaki na mwanya wa kupitisha kidole. Tukalaumu mashine. Tukaandika hata barua ya kuomba mashine kubwa ya meza. Ile barua hatukuituma.

Kosa lilikuwa la mikono yetu. Msumeno wa mkono ukipotea mstari, unaurudisha polepole. Huu wa diski, ukishaingia, haukubali kupindishwa. Ukiulazimisha unabanwa, kisha unaruka nyuma, unakufuata wewe. Fundi wetu mmoja ulimpasua suruali. Nyama haukugusa, Mungu asifiwe.

Sasa tunafanya hivi. Tunachukua kipande cha tripleksi, tunatumia ukingo uliokatwa kiwandani, juu ule ndio umenyooka kweli. Tunapima toka meno ya diski mpaka ukingo wa bamba la chini, upande ule tripleksi itakaa. Wetu ni sentimita 12 na nusu. Wa mwenzako si lazima, pima mwenyewe. Kipimo hicho tunakihesabu kuanzia alama ya penseli, tunafunga tripleksi hapo kwa jiliwa mbili, halafu bamba linateleza likiiegemea. Macho yafuate ukingo, siyo diski. Na diski ina unene: ipite upande wa kipande cha kutupa, la sivyo mlango unapungua milimita mbili hivi. Chini ya mbao meno yachungulie kidogo tu, nusu sentimita inatosha.

Wengi wanasahau kuuliza mbao imelala juu ya nini. Ikishikwa ncha mbili tu, nawe unakata katikati, inazama na kubana diski. Kipande kinachokatika kiwe huru kuanguka. Kabla ya kubadilisha diski, chomoa waya. Usiseme eti umeme umekatika. Hapa kwetu unarudi bila hodi.

Kwa hiyo wafadhili, mashine ya meza ingoje. Tunaomba jiliwa nne na diski mpya moja, hii imechoka. Milango ya yule mama tumeirudia kwa mbao tulizonunua kwa michango yetu wenyewe. Inafunga.