Makadirio ya Fundi: Bure au kwa Malipo?



Tunaulizwa mara kwa mara na wakazi wa Ufaransa: fundi amekuja, amepima bafu, ameandika makadirio ya gharama, yaani devis, kisha anadai alipwe kwa karatasi hiyo. Je, ana haki?

Yawezekana anayo. Mafundi wengi hawatozi, lakini hakuna sheria inayowalazimisha kuandika makadirio bure; na kwa kweli, kupanda juu ya paa au kuchora jiko jipya ni kazi. Sharti ni kwamba mteja ajue mapema. Kwa kazi za matengenezo ya nyumba, amri ya serikali ya tarehe 24 Januari 2017 yamtaka fundi aeleze, kabla ya mkataba wowote, gharama za safari yake na kama makadirio ni ya bure au ya kulipiwa. Aliyenyamaza hadi alipomaliza kupima hana msingi wa kudai.

Basi ulizeni kwenye simu, kabla hajafunga safari: ni kiasi gani, na je, kitakatwa katika bei ya mwisho mkimpa kazi? Wengi hukikata, ila ni desturi tu. Ombeni ahadi hiyo kwa maandishi.

Jambo jingine: msitie saini devis eti kuthibitisha tu kwamba mmeipokea. Saini hiyo huifanya kuwa mkataba. Na mkitozwa bila kuarifiwa, pelekeni malalamiko kwa SignalConso, huduma ya serikali isiyolipiwa.