Gregori Mkuu apimwe kwa utumishi wake

Papa Gregori wa Kwanza, aitwaye Gregori Mkuu, anakumbukwa sana kwa nyimbo za Kanisa zenye jina lake, ingawa nyingi ziliundwa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 604. Ukuu wake wa kweli umo katika barua zake, zaidi ya 800, zilizotufikia. Alipochaguliwa mwaka 590, Roma ilikuwa imekumbwa na mafuriko na tauni, huku Walombardi wakiitishia. Gregori, aliyewahi kuwa gavana wa mji huo, aliagiza nafaka kutoka mashamba ya Kanisa huko Sisilia, akalisha maskini, akakomboa mateka na kuwatetea Wayahudi wa Palermo walionyang'anywa masinagogi yao.

Wapo wanaodai kwamba alijitwalia madaraka ya kaisari. Lakini kaisari alikuwa Konstantinopoli, na njaa ilikuwa Roma. Hoja nzito zaidi ni kwamba alimsifu Phocas, aliyempindua na kumuua Kaisari Maurice mwaka 602. Hilo ni doa, wala lisifichwe. Hata hivyo, halifuti takriban miaka 14 ya utumishi. Kiongozi apimwe kwanza kwa hali ya wanyonge waliomtegemea, na kwa kipimo hicho Gregori anastahili heshima aliyopewa.