Lebo ya Mbolea na Mzani wa Dukani

Udhibiti wa mbolea za viwandani nchini Tanzania umejengwa juu ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, yaani TFRA, na kuikabidhi kazi ya kusajili mbolea, kuwapa leseni wafanyabiashara na kukagua ubora. Nguzo mojawapo ya udhibiti huo ni lebo, kwa kuwa ubora wa mbolea hauonekani kwa macho wala hautambuliki kwa kuishika, na mnunuzi huujua baada ya miezi kadhaa, tena ukiwa umekwisha kuchanganyika na athari za mvua, mbegu na udongo.

Kiini cha lebo ni namba tatu zinazotaja, kwa mpangilio usiobadilika, asilimia ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uzito. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia yenye namba 18-46-0, una kilo 9 za naitrojeni. Lakini namba ya pili haipimi fosforasi yenyewe bali oksidi yake, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, hivyo zile kilo 23 zinazodhaniwa kuwa fosforasi tupu ni takribani kilo 10 tu. Huo si udanganyifu, ni desturi ya wanakemia, ingawa ni vigumu kumlaumu mkulima atakayeona vinginevyo.

Shaka ya wakulima, hata hivyo, mara nyingi huelekea pasipostahili. Utafiti uliofanyika mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wakulima wengi waliamini mbolea ya madukani imechakachuliwa, ilhali vipimo vya maabara vilikuta karibu sampuli zote zina naitrojeni inayotakiwa. Kilichowatia shaka ni sura ya mbolea, yaani mabonge na rangi iliyobadilika, mambo ambayo kwa urea, mbolea ya kukuzia inayofyonza unyevu upesi, hutokana zaidi na ghala lenye unyevu kuliko na mkono wa tapeli.

Mahali palipo dhaifu zaidi ni kwenye mzani wa muuzaji wa pembejeo. Mkulima asiyemudu mfuko mzima hupimiwa kilo mbili au tatu katika mfuko wa plastiki usio na jina la mtengenezaji, namba wala tarehe, na tangu hapo ulinzi wote ulioandikwa juu ya mfuko wa awali humpita yeye aliye maskini zaidi, huku mbolea iliyobaki wazi ikiendelea kunyonya unyevu. Kuongeza adhabu hakutaziba pengo hilo. Mamlaka inapaswa kuwataka waagizaji wafungashe sehemu ya mbolea yao katika mifuko midogo iliyofungwa kiwandani, yenye lebo kamili kwa Kiswahili, na kuelekeza ukaguzi kwenye maghala ya vijijini kwa bidii ileile inayotumika bandarini.