Heshima ya Mtu Ni Mali ya Mungu

Maneno yaliyosemwa na makatekista mbele ya mashirika yote, siku ya Yubile ya parokia



Sisi makatekista tuliombwa kusema machache juu ya heshima ya mtu na juu ya kuwatunza walio wanyonge. Tulipokea kazi hiyo kwa furaha, na pia kwa haya. Sababu ya haya yetu tutaieleza mbele, maana Yubile pasipo kusema kweli ni ngoma tu.

1. Yubile ni nini?

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaamuru Waisraeli kuhesabu miaka saba mara saba. Mwaka wa 50 baragumu ilipigwa katika inchi yote. Mtu aliyeuza shamba lake kwa sababu ya umasikini alirudishiwa shamba. Aliyejiuza mwenyewe alirudi kwa jamaa yake. Mungu alitoa na sababu: inchi ni yake, watu nao ni wake. Basi hakuna mwenye haki ya kumshika ndugu yake kama mali.

Tuangalie vizuri, wandugu. Yubile ya kwanza haikuanza na karamu. Ilianza na masikini kurudi kwao. Sisi tumepaka kanisa rangi, tumeshona vitambaa, tumechinja mbuzi. Ni vema. Lakini sherti tujiulize: ni nani aliyerudi nyumbani kwa sababu ya Yubile yetu?

2. Heshima ya mtu yatoka wapi?

Kuna heshima ambayo watu wanampa mtu: ya mwalimu, ya chefu, ya tajiri. Heshima hiyo inakuja na kazi, na kazi ikiisha nayo inakwisha. Lakini kuna heshima nyingine iliyo ya kwanza. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa sura yake, mume na mke. Siku ile hapakuwa na kabila, wala feza, wala masomo. Heshima hii haikutolewa na watu, na kwa hiyo watu hawawezi kuiondoa. Mgonjwa asiyeweza tena kujiosha anayo. Mwenye wazimu anayetembea sokoni anayo. Mtoto angali tumboni anayo, na mfungwa aliyekosa kweli anayo vilevile.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika andiko lake la 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, namba 27, ulitaja pamoja uuaji, utumwa, mateso na maisha yasiyofaa kwa mtu. Tena uliongeza neno zito: mambo hayo yanamharibu zaidi anayeyatenda kuliko anayeyapata. Tukumbuke neno hilo, tutalirudia.

3. Mashahidi wawili

Wa kwanza ni katekista mwenzetu, Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, akakamatwa angali mtoto, akauzwa. Mapadri Weupe walimkomboa kwa feza, na Kardinali Lavigerie akamtuma Malta kusoma udaktari. Mwaka wa 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganika, akabaki huko, katekista na mganga, mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Tuhesabu: ni miaka 67. Mtu ambaye zamani alitiwa bei kama mbuzi alitumia maisha yake yote kuwarudishia wengine uzima.

Wa pili ni kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka wa 1981. Alikuwa mlei kama sisi, wa jumuiya ya Sant'Egidio, na rafiki wa watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyoingia katika inchi. Walimletea feza apitishe vyakula vilivyooza, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa, akateswa, akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye heri, mjini Roma.

Wandugu, wale ambao wangekula vyakula vile hakuwajua hata mmoja. Ni mama fulani, mtoto fulani, wa kabila fulani. Huko ndiko kumtunza mnyonge: kumlinda hata yule ambaye hutamwona uso wake wala hatajua kukushukuru.

4. Haya yetu

Sasa tuseme lile tulilolificha. Katika shirika moja la parokia yetu aliishi mama mzee, mjane, mkristu wa miaka mingi. Ni yeye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, watoto watatu wa lupango la jirani walikufa kwa homa. Kwenye kilio mtu mmoja akataja jina la mama huyo. Kesho yake mabati ya nyumba yake yaling'olewa, naye akafukuzwa kama mlozi.

Juma lile shirika lilikusanyika kama desturi. Tulisali Rozari, tukasoma Injili, tukaimba. Hakuna aliyetaja jina lake. Sisi makatekista tulikuwapo. Tuliambiana kwamba ni mambo ya jamaa, hayatuhusu. Lakini kweli yenyewe ni kwamba tuliogopa, maana anayemtetea mlozi huitwa mlozi naye. Mjane yule alilala usiku saba chini ya meza za soko.

Aliyemtoa pale si katekista. Ni mama mmoja mwuza ndagala, asiyejua kusoma. Alimpeleka kwake, akagawa naye mkeka. Kisha alikuja kwetu, akatuuliza: «Kama ni mlozi, mbona alipewa Komunyo Dominika ile? Na kama si mlozi, mbona mnanyamaza?»

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Mjane alifariki mwaka uliofuata katika nyumba ya mwuza ndagala. Siku ya maziko tuliimba sana, hata njia ilijaa watu. Kumwimbia maiti ni rahisi; maiti haina tena mashtaka. Ndipo tulipofahamu lile neno la Mtaguso. Yeye alikufa na heshima yake nzima. Iliyochafuka ni yetu.

Tusidhani kwamba ni jambo la hapa tu. Mwaka wa 2021, katika Kivu ya Kusini, wamama wazee walichomwa moto kwa sababu hiyohiyo. Na mijini, watoto wengi wanaolala inje walifukuzwa kwao kwa neno hilohilo. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaleta malipizi. Sheria ni njema, lakini haifiki usiku kwenye kilio. Anayefika pale ni jirani.

5. Tufanye nini?

Tulishauriana, nasi tunaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza: kila shirika liandike katika daftari wagonjwa, wajane, yatima, vilema na wakimbizi walio katika kartie, wawe wakatoliki ao la. Kila juma watu wawili wawatembelee.

Pili: mtoto akishikwa na homa, apelekwe dispansari siku ileile, mbele ya kutafuta nani amemroga. Sanduku la shirika lisaidie dawa. Malaria na maji machafu havina jina la mjane.

Tatu: siku jina la mtu likitajwa kwa ulozi, shirika likusanyike nyumbani kwake jua lisijatua, na katekista awe wa kwanza kuketi mlangoni. Hili tunajifunga nalo sisi wenyewe, mbele yenu na mbele ya altare.

Nne: wanyonge wasiwe watu wa kupokea posho tu. Vilema wana akili na shauri. Wapewe kiti katika baraza la parokia. Na zile ngazi za mlango wa kanisa, ambazo ndugu zetu wanazipanda kwa mikono na magoti, zijengewe njia ya mteremko mbele ya Noeli.

Wandugu wapendwa, siku ya mwisho, kama tunavyosoma kwa Matayo, sura ya 25, Bwana hatauliza rangi ya kanisa letu. Atauliza juu ya mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa, maana ndani yao alikuwamo yeye mwenyewe. Labda atauliza pia juu ya mama mmoja chini ya meza za soko. Mwuza ndagala atakuwa na jibu. Tumwombe Mungu atupe miaka ya kutosha, ili nasi tupate la kwetu.

Tumsifu Yezu Kristu!