Risasi Zinapolia, Mwili Hubadilika

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwenye baraza la wananchi



Sisi wa Bonde la Kerio tunaujua mlio wa risasi. Tusilolijua vyema ni linalotokea mwilini. Hatari inapokukabili, homoni ya adrenalini huingia kwenye damu. Moyo hudunda kwa kasi, mikono hutetemeka. Macho huikazia bunduki na kuacha mengine yote. Masikio huweza kuziba, hata mlio wa karibu usisikike vizuri. Dakika moja huonekana kama saa nzima.

Ndiyo maana shahidi anaweza kuikumbuka bunduki asiukumbuke uso wa aliyeishika. Huyo si mwongo. Na polisi wa akiba aliyeganda ghafla si mwoga. Mwili wake ulimtangulia.

Basi tufanye nini? Aliyenusurika mketisheni mahali salama, avute pumzi polepole. Msimzonge kwa maswali; akishalala, huenda akakumbuka zaidi. Mwezi ukipita angali anaota ndoto mbaya na kushtukashtuka, mpelekeni hospitalini. Jeraha la moyoni nalo hutibiwa.